Umeulizwa Nini?

  Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililowatoa watoto wengi machozi, nalo ni maswali ya kufanya nyumbani. Sitasema habari za majibu yake. Majibu kila mwalimu anayo ya somo lake. Nitasema habari za swali lenyewe, maana katika miaka yangu ya kufundisha nimeona ya kuwa watoto wanaoshindwa kwa kutojua jibu ni wachache kuliko wale wanaoshindwa kwa kutojua wameulizwa nini.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuja kuwafundisha watoto wenu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa sekondari, chini ya mlima wetu huu wa Kilimanjaro, na hadithi ninayoanza nayo ni ya siku zile. Si hadithi ya kunipa sifa.

Yalikuwa majuma ya kwanza ya kidato cha kwanza. Niliwapa watoto kazi ya nyumbani katika somo la jiografia. Niliandika ubaoni kwa Kiingereza ya kwamba wachore ‘table’ ya mvua ya miezi 12, kwa hesabu nilizowapa. Asubuhi yake nikakusanya madaftari. Mtoto mmoja, mvulana wa kutoka Masama, alikuwa amechora meza. Ilikuwa meza nzuri sana, yenye miguu minne, ubao wake wa juu umepigwa kwa rula; na juu ya meza ile ameandika majina ya miezi yote 12, kila mwezi na mvua yake, kama vyombo vilivyopangwa kwa chakula. Hesabu za mvua zilikuwa sawa, hakukosea hata moja. Lakini mimi sikutazama mvua. Nilitazama miguu ya meza, nikacheka, nikaliinua daftari lile darasa zima walione. Wakacheka wote.

Wasikilizaji, neno lile la Kiingereza lina maana mbili. Maana moja ni meza, na hiyo mtoto aliijua tangu shule ya msingi. Maana ya pili ni jedwali, yaani mistari ya kusimama na ya kulala ambamo hesabu hupangwa zipate kusomwa kwa urahisi. Maana hiyo ya pili hakuna mtu aliyemfundisha. Ilinipasa mimi kumfundisha, nami sikumfundisha. Basi yeye alijibu swali alilolielewa, akalijibu vizuri, kisha akachekwa na mwalimu wake. Tangu siku ile hakuinua mkono darasani. Akiitwa husimama, hutazama chini, hunyamaza. Muhula ukaisha hivyo, na katika taarifa yake ikaandikwa ya kuwa ni mzito wa kuelewa.

Taarifa ile ilinikera moyoni, maana nilijua ni nani aliyemfanya mzito. Likizo ilipofika nikaenda kwao.

Wako wasikilizaji wasioijua Masama. Ni sehemu ya wilaya ya Hai, magharibi ya Machame. Juu yake ni msitu. Katikati ni vihamba vya migomba na kahawa, na mifongo ya maji ipitayo kando ya njia. Na chini kabisa, huko Rundugai, ni nchi kavu yenye joto, watu hulima mahindi na maharage. Mtoto yule alikaa na bibi yake huko katikati, kwenye vihamba. Nilimkuta bibi anakatakata mashina ya migomba kwa ajili ya ng’ombe wake, na mjukuu ameketi juu ya kigoda mlangoni, daftari magotini.

“Shikamoo, Bibi,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini keti kwanza ungoje, maana huyu yumo kazini.”

Basi nikaketi, nikangoja, nami nikaona jambo ambalo sikuwahi kufundishwa chuoni. Bibi yule hakusoma; aliniambia mwenyewe bila aibu. Hata hivyo alikuwa akimwongoza mjukuu wake katika maswali ya likizo, moja baada ya moja, wala hakuacha kukata mashina. Alimwamuru akifunike kitabu. Kisha akamwuliza kwa Kichagga, “Umeulizwa nini?” Mtoto akianza kusema kwa maneno ya kitabuni, bibi humkatiza, “Hayo ni ya kitabu. Niambie mimi.” Asipoweza kumwambia, humrudisha kitabuni asome tena. Akiisha kumwambia, bibi huuliza la pili, “Umepewa nini?” maana yake ni habari gani zimo katika swali. Na la tatu, “Na mwenye swali anataka nini? Ataka umhesabie vitu, au ataka sababu?” Ndipo mtoto huruhusiwa kushika kalamu.

Nilimwuliza bibi alijifunza wapi. Akacheka. Akasema, “Mwanangu, mimi nimekaa katika mashauri ya ukoo tangu niolewe. Mtu huja na shauri, akasema toka asubuhi hata jua linakuchwa, na usijue kama anadai ng’ombe wake ama anataka kuombwa radhi. Wazee wenye akili humwuliza kwanza, wewe wataka nini? Huyu mtoto naye nilimwona analia juu ya kitabu, nikamwuliza unalilia nini. Akasema, swali gumu. Nikamwuliza, linasemaje? Hakujua. Sasa ugumu wake aliujuaje?”

Maneno hayo nimeyachukua mpaka chuoni, nami huwaambia walimu vijana kila mwaka.

Sasa labda mzazi mmoja atasema, “Mwalimu, huyo bibi alikuwa na bahati, lakini maswali ya mtoto wangu ni ya Kiingereza, nami Kiingereza sikijui.” Hilo ni neno la haki. Katika nchi yetu, tangu mwaka 1967, shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili, isipokuwa chache. Lakini mtoto akiingia sekondari, masomo mengi humjia kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya Rais juu ya elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hata sekondari. Serikali haikulifuata neno hilo, na wenye elimu wameendelea kubishana juu yake. Mimi leo sikuja kuamua ugomvi huo. Nasema tu ya kwamba, wakati wakubwa wanabishana, mtoto amekwisha kuketi mbele ya koroboi na daftari lake, na swali lake ni la kesho asubuhi.

Wako walimu wanaokataza watoto wasiliguse swali la Kiingereza kwa lugha ya nyumbani, wakidhani Kiingereza chao kitaharibika. Mimi sikubaliani nao. Mtoto asiyeweza kulisimulia swali kwa lugha yoyote hakulielewa katika lugha yoyote. Na alieleze kwa Kichagga au kwa Kiswahili kwanza, kisha ajibu kwa Kiingereza kama alivyoagizwa. Tena mzazi asiyejua Kiingereza ana faida moja mwalimu asiyokuwa nayo: mtoto hawezi kumdanganya kwa kunakili maneno. Akimsomea swali kama lilivyo, mzazi atasema, “Sijaelewa.” Basi yampasa mtoto alitafute neno moja moja katika kamusi, au aende kwa jirani, mpaka aweze kumweleza mama yake. Akiisha kumweleza mama, nusu ya kazi imekwisha.

Tuziangalie sasa hesabu, maana ndizo zinazoogopwa zaidi.

Huko Ufaransa, katika mji wa Grenoble, mwaka 1979, walimu wa hesabu walifanya jambo la ajabu. Waliwapa watoto 97 wa madarasa ya chini swali hili: “Katika meli wamo kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani?” Ninyi mnaonisikiliza mwacheka. Lakini katika watoto wale 97, watoto 76 walitoa jibu kwa kuzishika hesabu zile na kuzifanyia kazi, kama kuzijumlisha. 26 na 10 ni 36, basi nahodha ana miaka 36! Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoezwa. Shuleni walikuwa wamejifunza ya kwamba kila swali lina jibu, na kila hesabu iliyoandikwa sharti itumiwe, na mtoto mwema ni yule anayemaliza upesi. Nilipoisoma habari hii nilijiuliza, je, watoto wetu wangefanyaje? Baadaye nilipata kuona, nami nitawaambia mwisho.

Sisi walimu huwadhuru watoto kwa njia nyingine tena. Huwafundisha ya kuwa neno ‘zaidi’ maana yake ni kujumlisha, na neno ‘pungufu’ maana yake ni kutoa. Sasa sikilizeni swali hili: “Eliya ana migomba 40, ambayo ni 10 zaidi ya migomba ya Anna. Anna ana migomba mingapi?” Mtoto aliyefundishwa dawa ile huliona neno ‘zaidi’, hujumlisha, hupata 50. Lakini mtoto aliyeingia kwa fikira katika vihamba viwili, akatazama ni kipi kikubwa, huona mara moja ya kuwa cha Anna ni kidogo, na migomba yake ni 30. Haikumpasa kutafuta neno la kumwambia ajumlishe au atoe. Ilimpasa kuona kihamba.

Tena yako maneno madogo kama chawa, na huuma kama chawa. Bei ya kilo ya kahawa ilikuwa shilingi 3000. Kama swali lasema bei ilipungua kwa shilingi 500, basi sasa ni 2500. Kama lasema bei ilipungua hadi shilingi 500, mkulima ameumia kweli kweli. Tofauti yote imo katika ‘kwa’ na ‘hadi’. Mwulizeni mtoto, “Baada ya bei kushuka, mkulima atarudi nyumbani na shilingi ngapi kwa kilo?” Wala hamhitaji kujua hesabu za sekondari kuuliza hivyo.

Na kuna jambo la saa, ambalo huwapata watoto wa Kiswahili. Swali la Kiingereza lasema basi liliondoka Moshi saa 11 kwa kuhesabu Kizungu, kabla ya adhuhuri, likafika Arusha saa 1 kwa kuhesabu Kizungu, baada ya adhuhuri. Mwendo ni kilometa 80. Je, kwa saa moja lilikwenda kilometa ngapi? Mtoto huona 11 na 1, hutoa, hupata 10, kisha hugawanya 80 kwa 10, na basi lake huenda kilometa 8 kwa saa. Basi gani hilo linalopitwa na baiskeli? Lakini mtoto huyu huyu akiambiwa, “Niambie saa hizo kama unavyoziita nyumbani,” husema, “Liliondoka saa 5 asubuhi, likafika saa 7 mchana.” Hapo 7 kutoa 5 ni 2, na mwendo ni kilometa 40 kwa saa. Saa yetu, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, imemwokoa. Lakini nisiwadanganye: ziko safari ambazo saa ya Kizungu ndiyo iokoayo, kama ile ya kuondoka saa 11 alfajiri na kufika saa 1 asubuhi. Kizungu ni 5 na 7, nayo ni rahisi. Mtoto mwenye saa mbili kichwani si maskini, ni tajiri, ila ajue swali limetumia ipi.

Alikuwako mtaalamu wa hesabu aliyeitwa George Pólya, mzaliwa wa Budapest, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani. Mwaka 1945 alitoa kitabu juu ya namna ya kufumbua maswali ya hesabu, nacho kimesomwa na walimu dunia nzima. Alizigawa hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata njia, na kutazama nyuma. Na katika hatua ile ya kwanza amwambia mwanafunzi ajiulize, ni kitu gani kisichojulikana? Ni habari gani zimetolewa? Nilipokifungua kitabu hicho nilimkumbuka bibi wa Masama na panga lake na mashina yake ya migomba.

Nikitoka katika hesabu nakwenda katika masomo mengine, na huko maradhi ni mengine. Katika hesabu mtoto hukosa kwa kukimbia. Katika historia na jiografia hukosa kwa kumwaga gunia lote. Ameulizwa jambo moja, naye huandika kila kitu anachokijua juu ya jambo hilo, akitumaini jibu limo humo mahali fulani, kama mtu anayemtafutia mgeni sindano kwa kumpa kikapu cha nguo.

Chukueni habari za kahawa yetu. Mwaka 1925 wakulima wa Kiafrika wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha wapanda kahawa, na rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Merinyo. Na mwaka 1933 kikaja badala yake kile Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, ambacho wengi mwakijua kwa herufi zake, KNCU. Mwalimu aweza kuuliza, “Taja vyama viwili vya wakulima wa kahawa kabla ya mwaka 1940.” Hapo jibu ni majina mawili, basi. Aweza kuuliza, “Eleza sababu zilizowafanya wakulima waungane.” Hapo lazima useme mambo yaliyotangulia: walowezi wa Kizungu walipinga Mwafrika asilime kahawa, na mkulima mmoja mmoja hakuwa na nguvu ya kuitetea haki yake wala ya kuuza kwa bei njema. Tena aweza kuuliza, “Ushirika ulileta matokeo gani?” Hapo useme mambo yaliyofuata. Chama ni kile kile, watu ni wale wale, lakini maswali ni matatu, na jibu la moja si jibu la mengine. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo mtoto aliulizwa matokeo akaandika sababu, kurasa mbili, kwa mwandiko safi, kila neno kweli. Nami kwa huzuni nikampa alama moja.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wazifahamu amri hizi. ‘Taja’ yataka majina tu. ‘Eleza jinsi’ yataka mambo yanavyokwenda, toka mwanzo hata mwisho. ‘Eleza kwa nini’ yataka sababu, na sababu si sawa na picha nzuri. ‘Linganisha’ yataka vitu viwili vikae pamoja katika sentensi zako. Ukiandika ukurasa mzima juu ya kimoja, kisha ukurasa juu ya cha pili, hujalinganisha, umemwachia mwalimu kazi hiyo.

Mtoto wa Masama ana kitabu cha jiografia nje ya mlango wake. Akiulizwa ataje mimea ya mlimani tangu chini hata juu, na ataje mahindi na maharage huko chini, migomba na kahawa katikati, kisha msitu, kisha majani na vichaka vya nchi ya baridi, mpaka mawe na barafu, huko kileleni mita 5895. Lakini akiulizwa kwa nini mimea hiyo hutofautiana, orodha ile haimsaidii kitu. Sasa lazima aseme ya kuwa hewa hupoa kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1000, na ya kuwa mvua nayo haigawanyiki sawa.

Katika sayansi lipo neno ambalo watoto huliruka kama jiwe njiani, nalo ni ‘ingawa’. Swali lilisema, “Ingawa maji yanachemka kwa nguvu, maharage huchelewa kuiva mlimani kuliko pwani. Kwa nini?” Watoto wengi wakajibu, kwa sababu ya kuni mbichi, au moto mdogo. Lakini mwenye swali alikwisha kuufunga mlango huo! Amesema maji yanachemka kwa nguvu. Basi moto hauna kosa. Lazima sababu iwe katika maji yenyewe. Na ndivyo ilivyo: mahali pa juu hewa hukandamiza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Kwenye kimo cha mita 1500 huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na moto ukiuzidisha hayapandi zaidi, hugeuka mvuke tu. Mama zangu mlioko jikoni, mwalijua jambo hili kwa kungoja. Sasa mwajua na sababu yake.

Hata Kiswahili, ambacho watoto hukidharau kwa kuwa ni lugha yao, kina mtego wake. Katika ufahamu swali husema, “Kwa mujibu wa habari uliyosoma.” Mtoto aliyefuga mbuzi husoma habari za mbuzi, kisha hujibu kwa yale ayajuayo ya zizini kwao. Pengine ayajua zaidi ya mwandishi. Lakini hakuulizwa ajuayo yeye, ameulizwa isemavyo habari ile.

Kwa wazazi nina ombi moja, na kwa ndugu wakubwa. Msimwandikie mtoto jibu. Najua huruma inavyosukuma, usiku umekwenda na mtoto anasinzia. Siku hizi tena ndugu mwenye simu huipigia chapa swali, na jibu likatoka refu, la Kiingereza kizuri, mtoto akalinakili. Simu hujibu swali ulilotia ndani yake. Ukitia swali ambalo hukulielewa, utanakili jibu ambalo hutalielewa, na siku ya mtihani simu itabaki nyumbani. Afadhali mtoto aje shuleni na karatasi iliyoandikwa, “Swali la tatu sikulielewa, neno hili sikulijua,” kuliko kuja na jibu la mtu mwingine. Nanyi walimu wenzangu, mtoto akija na karatasi kama hiyo, msimcheke. Mwajua kwa nini nasema hivyo.

Sasa nirudi Masama, kama nilivyoahidi.

Siku ile, bibi alipokwisha kuwapa ng’ombe chakula, alituletea ndizi za kuchoma. Nilimwomba yule kijana radhi kwa habari ya meza, mbele ya bibi yake. Hakujibu kitu, alitazama chini kama alivyozoea. Kimya kikawa kirefu. Ili kukivunja nikawasimulia habari za meli ya Wafaransa, lakini sikusema ni mtego. Nilisema tu, “Katika meli wamo kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani?”

Kijana akashika kalamu upesi, kama mtu anayetaka kumridhisha mwalimu. Nikamwona anaandika 26, na chini yake 10, akapiga mstari. Moyo wangu ukashuka.

Bibi akasema, hata hakugeuza kichwa, “Umeulizwa nini?”

Kalamu ikasimama. “Nimeulizwa umri wa nahodha.”

“Umepewa nini?”

“Kondoo na mbuzi.”

Bibi akaendelea kumenya ndizi. Kijana akaitazama ile 26 na ile 10 muda mrefu, kisha akaupiga mstari wa kuzifuta. Akainua macho, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya meza.

“Mwalimu,” akasema, “swali lako halijakamilika.”